Je, Wajua? Mchoraji wa Machame na Mandhari Yenye Watu

Je, wajua kwamba Ghuba ya Speke, maji yale yaliyo upande wa magharibi wa mkoa wetu wa Simiyu, ilipewa jina hilo na msafiri Henry Morton Stanley mwaka 1875? Stanley alifika ufukweni Kageye, Magu ya leo, tarehe 27 Februari mwaka huo. Siku tano kabla yake, tarehe 22 Februari, alifariki mjini Paris Camille Corot, mzee wa miaka 78 aliyetumia zaidi ya nusu karne kuchora miti, mito na anga za Ufaransa na Italia. Wawili hao hawakujuana, wala hakuna aliyemhitaji mwenzake. Lakini tarehe hizo zinatupa kipimo. Wakati Ufaransa inamzika mchoraji wa mandhari aliyezijua nchi zake kwa mapenzi, Usukuma ilikuwa ikiingizwa kwenye ramani kwa penseli ya mpita njia. Ilibidi ipite miaka mingi kabla mtoto wa Tanganyika hajashika brashi na kuichora nchi yake kama mwenyeji. Msomaji wa Kiloleli, hapa kwetu Simiyu, safu ya leo ni ya mtoto huyo.

Je, wajua kwamba jina lake ni Sam Joseph Ntiro, na kwamba alizaliwa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwaka 1923?

Kwa anayetoka Simiyu, ambako jicho linatembea juu ya mbuga mpaka lichoke, Machame ni nchi ya aina nyingine kabisa. Huko kila familia ina kihamba chake: migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi, na ng'ombe wanaofungwa ndani na kuletewa majani. Maji hushuka kutoka mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, inayoitwa mifongo, na ukoo unaoshindwa kusafisha sehemu yake hupata aibu. Hakuna kipande cha ardhi kisichofanyiwa kazi na mtu. Mtoto aliyekulia hapo hawezi kufikiria mandhari matupu. Ukitaka kuielewa michoro yote ya Ntiro, anza na jambo hilo.

Je, wajua kwamba shule ya kwanza kubwa ya uchoraji Afrika Mashariki ilianzishwa na mke wa daktari? Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala, mwaka 1937. Mumewe, Hugh Trowell, ndiye daktari aliyejulikana kwa utafiti wake kuhusu kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Mwaka 1939 michoro ya wanafunzi wa Bibi Trowell ilionyeshwa London. Shule hiyo ya Makerere baadaye ilipewa jina lake.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya pekee. Hakuwawekea wanafunzi chungu mezani wakichore. Aliwasimulia: soko, mavuno, msafara, mvua inakuja. Akaeleza mpaka picha ikajaa kichwani, kisha akawaambia wachore walichokiona ndani. Wako waliomlaumu kwa hilo, kwamba aliwanyima Waafrika elimu ya vipimo na vivuli iliyokuwa ikitolewa Ulaya. Lawama hiyo ina uzito wake, kwa sababu mwanafunzi ana haki ya kupewa vyombo vyote. Ila kwa kijana aliyekulia kwenye simulizi za jioni, njia hiyo ilifungua mlango mara moja. Ntiro aliingia Makerere katika miaka ya 1940, akasoma, kisha akabaki kuwa mwalimu.

Je, wajua kwamba darasa hilo hilo lilimtoa Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga mnara wa uhuru unaosimama Kampala hadi leo? Ulijengwa mwaka 1962.

Je, wajua kwamba Corot naye alichelewa? Wazazi wake walikuwa na duka la kofia za wanawake Paris. Walimtaka awe mfanyabiashara wa vitambaa, akajaribu miaka kadhaa na hakufaulu. Alikuwa na umri wa miaka 26 baba yake alipokubali kumpa posho ya kila mwaka ili achore. Aliishi kwa posho hiyo miaka mingi, hakuoa, na alipopewa nishani ya taifa mwaka 1846 baba alishangaa kusikia kwamba kazi ya mwanawe ni kitu cha maana. Wazazi wa Kiloleli wenye mtoto anayejaza daftari la hesabu kwa michoro ya punda na baiskeli, mkumbukeni mzee huyo wa kofia. Alitoa pesa bila kuelewa, na pesa hiyo ikafanya kazi.

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 1841 rangi ya mafuta ilibebwa ndani ya kibofu cha nguruwe? Mchoraji alitoboa tundu, akakamua, kisha akaliziba tena. Mwaka huo Mmarekani John Goffe Rand, aliyekuwa akiishi London, alivumbua tyubu ya bati yenye kifuniko. Kuanzia hapo mtu aliweza kutia rangi mfukoni na kwenda kukaa siku nzima mtoni. Uchoraji wa mandhari ulitoka vyumbani kwa sababu ya tyubu hiyo ndogo. Mfaransa Charles-François Daubigny alikwenda mbali zaidi: mwaka 1857 alijipatia mashua, akaijengea kibanda, akawa anachora mito ya Oise na Seine akiwa juu ya maji.

Hebu fikiria mtu akifanya hivyo kwenye Ghuba ya Speke, alfajiri, wavuvi wa dagaa wanarudi na karabai zao. Hiyo ni picha ambayo ningeilipia.

Je, wajua kwamba Ntiro alipelekwa London, Shule ya Sanaa ya Slade, mwaka 1952, akakaa huko hadi 1955? Slade ya wakati huo ilikuwa chini ya William Coldstream, mtu wa vipimo. Mchoraji wa mtindo wake alinyoosha mkono, akapima kwa brashi umbali wa jicho hadi kidevu, akaweka alama, akapima tena. Mchoro mmoja ungeweza kumla miezi. Kijana wa Machame aliwekwa katikati ya watu hao.

Akatoka vile vile alivyoingia. Wako waliosema hakujifunza kitu. Mimi nasema alijifunza kila kitu, kisha akachagua, maana mtu hakai miaka mitatu kwenye shule kama ile, akiwa tayari mwalimu, bila kujua kivuli kinaangukaje au barabara inavyopungua upana kadiri inavyokwenda mbali. Alijua. Lakini kwake mtu aliye mbali si mtu mdogo. Katika michoro yake vilima hupandana kimoja juu ya kingine hadi ukingo wa juu wa picha, na walio kilimani juu wanaonekana wazi sawa na walio bondeni chini. Rangi ni kavu na angavu, kijani juu ya kijani. Vivuli ni haba. Jua halitoki upande mmoja, na kila kitu kimepewa mwanga wake.

Na kila mtu ana kazi. Hili ndilo linalonifanya nimpende. Huyu anakata mti, yule amebeba kuni, wale wanaezeka nyumba, wanawake wanarudi na majani ya ng'ombe, kundi linachimba. Sura zao hazionekani vizuri, ila mkao wa mgongo unakuambia mzigo una uzito gani.

Je, wajua kwamba mchoro wake mmoja uko New York? Mwaka 1956 alichora kwa rangi ya mafuta picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 ulinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, lile linalojulikana ulimwenguni kwa kifupi MoMA, na umebaki kwenye hazina yao. Si picha kubwa. Urefu wake kwenda juu haufiki nusu mita. Jumba hilo hilo lina kazi za Picasso na Matisse.

Ngoja nikae hapa kidogo, kwa sababu mada ya mchoro huo ni nzito kuliko inavyosikika. Pombe ya ndizi ya Wachaga ni mbege. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, huachwa zikachacha, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na ukali wake hutiwa kwa gome la mti wa msesewa. Ni kazi ya siku nyingi na ya mikono mingi, na katika mambo ya ndoa mbege ni kauli. Ukoo unaobeba mitungi kupanda mteremko usiku unatoa ahadi mbele ya mlima mzima. Ntiro angeweza kuchora Kibo na theluji yake, picha ambayo kila mtalii angeitambua, na angeuza nyingi. Alichora watu gizani wakitimiza wajibu. Huku Usukuma, ambako ng'ombe wa mahari hutembezwa kutoka boma hadi boma na majirani wakasimama kuhesabu, hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya msafara kama huo.

Je, wajua kwamba mke wa Ntiro alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu? Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima, Uganda, alihitimu Oxford mwaka 1954. Aliporudi kufundisha alipangiwa mshahara ulio chini ya ule wa wanaume wenye elimu kama yake. Alikataa, akasema heri afundishe bure. Walioana na Ntiro mwaka 1958. Yeye anastahili safu yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba Tanganyika huru ilimpeleka mchoraji kuwa mwakilishi wake Uingereza? Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na Ntiro akawa Balozi wetu London hadi mwaka 1964. Aliyewahi kuwa mwanafunzi wa brashi katika mji ule alirudi akiwa na bendera ya nchi. Baadaye alikuwa kamishna wa utamaduni nyumbani, kisha akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikuwa ameunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, akisema wazi kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Kumpa mchoraji dhamana kubwa ilikuwa namna ya kuonyesha kwamba hayakuwa maneno matupu. Ntiro alifariki mwaka 1993.

Ofisi hula muda wa msanii, hilo halina ubishi. Lakini hakuacha kuchora.

Je, wajua kwamba mchoraji mwingine wa Kilimanjaro aliichora Biblia kwa mandhari ya Murang'a? Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, alichora michoro mitano mikubwa ukutani kwenye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, Kenya, kati ya 1956 na 1959. Yesu ni Mwafrika. Vilima ni vya Wakikuyu, nyumba ni za Wakikuyu, na watu wa hapo waliingia kanisani wakajikuta wako ndani ya Injili. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, kwa hiyo kuta zile zina machozi ya kweli nyuma yake. Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa, Nairobi, kituo cha sanaa kilichoteketea kwa moto mwaka 1997 na kuinuliwa tena.

Je, wajua kwamba Jean-François Millet, mchoraji wa Kifaransa aliyemchora mkulima akiwa na heshima yake yote, alikuwa mtoto wa wakulima wa Normandy? Picha yake ya mwaka 1857 inaonyesha wanawake watatu wameinama wakiokota masazo ya ngano baada ya mavuno ya tajiri. Wenye mali wa Paris walichukizwa nayo. Millet alifariki Januari 1875, wiki chache kabla ya Corot, na inasimuliwa kwamba Corot, mwenyewe akiwa mgonjwa, alimpelekea mjane faranga 10,000. Ntiro na Millet wangeelewana bila mkalimani, kwa kuwa wote wawili walijua kuinama shambani kunavyouma kiunoni.

Kwa haki ya Corot niseme hivi: hata yeye, bwana wa miti ya kijivu na ukungu, hakuweza kuiacha nchi bila mtu. Tafuta kwa makini kwenye michoro yake ya uzeeni. Mara nyingi utaona, kando ya mto au chini ya mti, mtu mdogo mwenye kofia au kitambaa chekundu. Ondoa nukta hiyo, na picha nzima inapoa.

Je, wajua kwamba wachoraji wa karne ya 19 walifika Tanganyika kabla ya Stanley? James Augustus Grant, Mskoti, alisafiri na Speke, yule ambaye ghuba yetu ina jina lake, kati ya 1860 na 1863, kutoka pwani hadi Tabora, Karagwe, Buganda na kuteremka na Nile. Alianza na kamera. Speke aliandika kwamba joto la hema dogo la kusafishia picha lingemuua Grant mapema, hivyo kamera ikaachwa na rangi za maji zikachukua nafasi. Grant akachora zaidi ya picha mia moja, ambazo leo zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Mguu wake uliugua vidonda huko Karagwe, kwa mfalme Rumanyika, akabaki miezi mingi huku Speke akitangulia Buganda. Aliyelazwa hana pa kukimbilia, basi alitazama.

Kisha michoro yake ikafika London. Ili ichapwe kitabuni ilibidi ichorwe upya na mchonga picha ambaye hakuwa kwenye safari, na katika kuchorwa upya ikaongezwa fujo na vishindo ambavyo Grant hakuviweka. Wasomaji wa Ulaya wakaona Afrika iliyopitia mikono miwili. Ndiyo maana nasisitiza mwenyeji ashike brashi mwenyewe.

Je, wajua kwamba Wafaransa nao walichora pwani yetu? Kapteni Charles Guillain alizunguka Unguja, Mombasa hadi Mogadishu kwa meli ya kivita Ducouëdic kati ya 1846 na 1848. Kwenye msafara ilikuwemo kamera ya kizamani ya bamba la fedha, na picha zake zikageuzwa Paris kuwa michoro ya kuchapwa. Ni miongoni mwa picha za mapema zaidi zilizotokana na kamera katika nchi za Waswahili.

Je, wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya ubao wa dari, na akafariki 1972? Miaka minne tu. Wanafunzi wake wamefika dunia nzima. Yeye alichora zaidi wanyama, na mandhari kwake ni ardhi ya kumsimamishia chui. Yeye na Ntiro ni matawi mawili ya mti wa sanaa ya Tanzania. Sioni sababu ya kulikata moja ili lingine lionekane.

Je, wajua kwamba michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, imejaa watu na wanyama lakini hakuna anayejali kuchora upeo wa macho? Mwamba wenyewe ndio mandhari.

Na sasa turudi Usukuma, maana wapo wanaodhani sisi tuna ngoma tu. Je, wajua kwamba mwaka 1953 kilichapishwa London kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya Wasukuma? Mwandishi wake ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, na karatasi zake zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alizungumzia nyumba za Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Ndani, kwenye ukuta wa mviringo, zilichorwa nyoka, watu na viumbe vya masimulizi ya chama. Mwanachama mpya alifundishwa mbele ya michoro hiyo. Kwa hiyo babu zetu walikuwa na ukuta wao wa masomo, wenye rangi. Nyumba hizo za udongo zilianguka kama nyumba zote za udongo zinavyoanguka, na isingekuwa kitabu hicho tungekuwa tunabishana kama ziliwahi kuwepo.

Je, wajua kwamba Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, yalitokana na juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma waliomfundisha? Hapo wamehifadhi habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19. Kutoka Simiyu si mbali. Peleka watoto.

Je, wajua kwamba tuna kitu ambacho Ntiro angekichora siku hiyo hiyo angekiona? Bugobogobo. Watu wamejipanga mstari shambani, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, ngoma inapigwa pembeni, na heka kadhaa zinageuzwa asubuhi moja. Leo inachezwa zaidi jukwaani, jembe likizungushwa hewani kwa ufundi, lakini asili yake ni kazi. Kilimo na ngoma vikiwa kitu kimoja, juu ya ardhi nyeusi ya mbuga, nyuma kuna mawe makubwa yaliyopandana: ni mchoraji gani wa Ufaransa aliyepewa zawadi kama hiyo?

Niendelee kuorodhesha, kwa kuwa mandhari ya Simiyu husemwa kila siku kuwa ni tambarare na kavu. Kuna uzio wa minyaa, kijani kibichi hata Septemba wakati majani yote yamekufa. Kuna ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate chakula kiangazi, utaratibu wa Wasukuma uliorudishwa kwa nguvu katika Shinyanga ya zamani kuanzia mwaka 1986 na kurudisha miti kwenye nchi iliyokuwa inageuka jangwa. Kuna pamba, na mkoa wetu ni kinara wa zao hilo Tanzania: shamba jeupe mwezi wa Juni, wanawake na watoto wanachuma, marobota ya kienyeji yamefungwa kwa shuka yakisubiri mzani. Kuna mto Simiyu, ambao Stanley aliudhania kuwa ndicho chanzo cha mbali kabisa cha Nile. Na upande wa pili kuna Serengeti, ambako nyumbu hupita njia ya magharibi kila mwaka.

Mandhari hayo yote yamepigwa picha za simu maelfu kwa maelfu. Yaliyochorwa ni machache mno.

Je, wajua kwamba rangi ya kuanzia haihitaji kununuliwa? Mkaa upo. Majivu yapo, chokaa ipo, udongo mwekundu na mweusi upo, na gundi ya mti wa mgunga hushikiza rangi kwenye karatasi. Wataalamu wa Ulaya wamekuwa wakitumia gundi ya mgunga kutengenezea rangi za maji kwa karne nyingi, na sehemu kubwa yake hutoka Afrika. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji bajeti ili awaambie watoto wa darasa la nne kile Bibi Trowell alichowaambia vijana wa Makerere: fumba macho, kumbuka siku ya mnada, sasa chora. Hapo kuna ng'ombe, vumbi, mama wa uji, baba anayebishana bei, mbwa. Mtoto wa Kiloleli hatachora nchi tupu, kwa sababu hajawahi kuiona.

Je, wajua kwamba jua na unyevu huua mchoro polepole bila mtu kuona? Rangi ya mafuta ikiwekwa juu ya jiko hufunikwa na moshi, ikibandikwa ukuta unaopigwa na jua la jioni hupauka, ikiegemezwa sakafuni mchwa hutangulia kuisoma. Kazi nyingi za walimu waliosoma Makerere na Dar es Salaam ziligawiwa marafiki, shule, parokia na ofisi za serikali, na nyingine zinaning'inia hadi leo bila jina. Kwa hiyo ombi langu ni moja na ni jepesi. Popote ulipo, nyumbani, shuleni au ofisini, kama kuna mchoro wa mkono ukutani, uteremshe taratibu, uweke pakavu pasipo jua, na nyuma yake andika kwa penseli jina la aliyeuchora, mahali panapoonyeshwa na mwaka. Kama aliyeuchora yu hai, mwulize wiki hii.